Ubora wa vipande vya misitu unavyoamua uhai wa mijusi Dindira

UNAPOONDOKA mjini Korogwe na kuanza kupanda milima ya Usambara Magharibi kuelekea Bungu na Dindira, mandhari hubadilika upesi. Nyuma yako unaacha mashamba ya mkonge na joto la bonde la mto Pangani. Mbele yako yanajitokeza mashamba ya chai, migomba, mahindi, mistari ya mikaratusi na, hapa na pale, vipande vya msitu wa asili vilivyobaki juu ya vilima na kandokando ya vijito.

Kwa macho ya mgeni, eneo lote ni kijani. Lakini kwa kinyonga mwenye urefu usiozidi kidole cha mtu mzima, kijani hicho si kimoja. Kipo kijani kinachompa chakula, unyevu na mahali pa kutaga mayai, na kipo kijani ambacho kwake hakina tofauti kubwa na jangwa.

Swali ambalo wataalamu wa wanyama watambaao wamekuwa wakijiuliza kwa miongo kadhaa ni hili: msitu unapokatwakatwa na kubaki vipande, ni nini hasa kinachoamua kama mijusi watabaki au watatoweka? Je, ni ukubwa wa kipande, ni umbali kati ya kipande na kipande, au ni hali ya ndani ya kipande chenyewe?

Makala haya yanaeleza kwamba yote matatu yana nafasi yake, lakini la tatu, yaani ubora wa makazi, ndilo linalosahaulika zaidi. Ndilo pia ambalo wananchi wanaoishi jirani na misitu hiyo wana uwezo mkubwa zaidi wa kuliharibu au kuliokoa.

Visiwa vya msitu

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguu, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Milima hiyo hupokea mvua kutoka Bahari ya Hindi, na kwa mamilioni ya miaka misitu yake imebaki na unyevu hata pale nyanda za chini zilipokauka.

Matokeo yake ni kwamba kila mlima umekuwa kama kisiwa, chenye viumbe wake ambao hawapatikani penginepo duniani. Tathmini ya wanasayansi iliyochapishwa mwaka 2007 ilihesabu angalau spishi 96 za wanyama wenye uti wa mgongo wanaopatikana katika milima hiyo pekee, na kati yao 29 ni wanyama watambaao. Hesabu hiyo imeongezeka tangu wakati huo kadiri utafiti ulivyoendelea.

Tathmini hiyohiyo ilionyesha kuwa misitu ya milimani iliyobaki katika Tao lote ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3,300, ambayo ni chini ya asilimia 30 ya eneo linalokadiriwa kuwa na msitu hapo zamani. Iliyobaki nayo haiko pamoja, bali imetawanyika katika vipande vikubwa na vidogo.

Kata ya Dindira, pamoja na majirani zake wa Bungu, Ambangulu na Vugiri, iko katika ukingo wa kusini wa Usambara Magharibi. Huko historia ya mashamba makubwa na ongezeko la watu vimefanya msitu ubaki katika vipande.

Vinyonga waliotenganishwa na bonde

Kinyonga ni mjusi, ingawa wengi wetu hatumhesabu katika kundi hilo. Usambara ni miongoni mwa maeneo yenye sifa kubwa duniani kwa vinyonga wake, na baadhi yao walitambulishwa kwa sayansi tangu wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1892 mtaalamu Paul Matschie aliwaelezea kwa mara ya kwanza kinyonga mkubwa mwenye pembe tatu, aliyepewa jina la Derema ya Usambara Mashariki (Trioceros deremensis), na kinyonga mdogo mwenye kinundu cha miiba laini puani (Rhampholeon spinosus).

Mwaka 2006 wanasayansi waliunda jina jipya la jenasi kwa kundi la vinyonga wa misitu ya Afrika Mashariki na Kati. Jina hilo ni Kinyongia, nalo limetokana na neno letu la Kiswahili.

Miaka miwili baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulibaini kwamba vinyonga wenye pembe mbili waliodhaniwa kuwa spishi moja, kwa kweli walikuwa kadhaa. Wa Usambara Magharibi ni Kinyongia multituberculata. Wa Usambara Mashariki ni wawili, Kinyongia matschiei na Kinyongia vosseleri. Kinyongia fischeri halisi ni wa milima ya Nguru na Nguu, na hiyo ya Nguu iko wilayani Kilindi, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi mwaka 2002.

Kinachotenganisha Usambara mbili ni bonde la Lwengera, ambalo mtu hulivuka kwa gari kwa muda mfupi tu. Hata hivyo, bonde hilo lenye joto na ukavu limetosha kuwazuia vinyonga wa pande mbili wasikutane, hadi wakawa spishi tofauti. Ikiwa bonde la asili limeweza kufanya hivyo, msomaji anaweza kujiuliza shamba lisilo na kivuli hufanya nini kwa kinyonga wa ukubwa wa kidole.

Mbali na vinyonga, misitu ya Usambara ina mijusi wengine wasiojulikana sana. Wapo jamaa wa mjusi kafiri wanaotoka mchana na kuishi katika mashina ya miti na miamba, kama Cnemaspis africana. Yupo pia Holaspis laevis, mjusi bapa mwenye mistari ya rangi ya kung'aa na mkia wa buluu, anayeishi katika magome ya miti na mwenye uwezo wa kuteleza hewani kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Ubora wa makazi ni nini?

Mjusi hatengenezi joto la mwili wake kama afanyavyo binadamu au ng'ombe. Hulipata kutoka nje, kwa kuota jua au kukaa juu ya kitu chenye joto, na hulipunguza kwa kuingia kivulini. Kwa sababu hiyo, makazi bora kwa mjusi ni yale yanayompa uchaguzi, yaani mahali pa joto na pa baridi, pakavu na penye unyevu, vikiwa karibu karibu.

Wataalamu wanapopima ubora wa makazi hutazama mambo kadhaa. La kwanza ni paa la msitu, yaani jinsi majani ya miti mikubwa yalivyofungamana na kuzuia jua kali. La pili ni vichaka na miche iliyo chini ya paa hilo. La tatu ni tabaka la majani makavu ardhini, ambamo wadudu wengi huzaliana.

La nne ni miti iliyokufa, iwe imesimama au imelala, kwa kuwa magome na mapango yake ni nyumba ya mijusi wengi. La tano ni udongo laini wenye unyevu wa kutosha kwa mayai, kwani spishi nyingi za mijusi hutaga mayai na kuyaacha bila kuyaatamia.

Chukua mfano wa vinyonga wadogo wa jenasi ya Rhampholeon. Mchana hutembea katika majani makavu na mimea mifupi wakitafuta wadudu. Usiku hupanda juu ya vijiti vya karibu na kulala. Msitu unaweza kuwa na miti mirefu ya kupendeza, lakini ukifagiliwa chini, ukachungwa mbuzi na kuondolewa vichaka, kwao nyumba hiyo imebaki paa bila sakafu wala kuta.

Ndiyo maana Rhampholeon spinosus ameorodheshwa kimataifa kuwa spishi iliyo hatarini. Eneo lake ni dogo, na ndani ya eneo hilo anahitaji msitu wenye hali nzuri.

Hesabu ya ukingo

Msitu unapokatwa, sehemu iliyobaki haibaki kama ilivyokuwa. Upepo na jua huingia kutoka pembeni, hewa hukauka, majani makavu hupoteza unyevu, na mimea ya kigeni hupata mwanya. Hali hii wataalamu huiita athari za ukingo.

Tuchukue mfano rahisi wa hesabu. Kipande cha msitu cha mraba chenye hekta 100 kina kilomita moja kila upande. Tukichukulia kwamba ukavu wa ukingo unaingia ndani mita 100, sehemu ya katikati isiyoguswa itabaki hekta 64. Lakini kipande cha hekta nne, chenye mita 200 kila upande, hakitabaki na katikati yoyote. Chote ni ukingo.

Hii haina maana kwamba vipande vidogo havina thamani. Kipande kidogo chenye paa zima, vichaka na kijito ndani yake kinaweza kuhifadhi mijusi ambao kipande kikubwa kilichochakaa kimeshindwa kuwatunza. Katika Usambara Magharibi upo msitu wa Mazumbai, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambao una takriban hekta 320 tu. Pamoja na udogo huo, unafahamika kwa wataalamu kama mfano wa msitu wa milimani uliobaki katika hali nzuri.

Somo kutoka Kimboza

Mfano ulio wazi zaidi nchini wa uzito wa ubora wa makazi unatoka nje ya Usambara, katika msitu wa Kimboza ulio chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Msitu huo una ukubwa wa hekta 400 hivi. Humo anaishi mjusi mdogo wa rangi ya samawati, Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1952.

Mjusi huyo haishi katika kila mti wa Kimboza. Maisha yake yamefungamana na mkadi wa msituni, Pandanus rabaiensis, ambao majani yake marefu humpa maji, wadudu na mahali pa kujificha. Msitu ukibaki umesimama huku mikadi ikiondoka, kwa mjusi huyo msitu umekwisha.

Hatari hiyo haikuwa ya nadharia. Katika miaka ya 2000 mijusi hao walikamatwa kwa maelfu kwa ajili ya soko la wanyama wa kufugwa majumbani huko Ulaya na kwingineko, na wakamataji walikuwa wakikata mikadi ili kuwafikia. Wakati huohuo mti wa kigeni Cedrela odorata ulikuwa ukienea msituni. Mkutano wa kimataifa wa CITES uliofanyika mwaka 2016 uliamua kumweka mjusi huyo katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku kuanzia mwaka 2017.

Ng'ambo ya bahari nako kuna funzo linalofanana. Katika eneo la kilimo cha ngano la Australia Magharibi, mtafiti Stephen Sarre na wenzake walilinganisha aina mbili za mijusi jamaa wa mjusi kafiri walioishi katika mabaki ya misitu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kuwa aina moja, Gehyra variegata, iliendelea kuwapo karibu kila mahali. Nyingine, iliyokuwa ikiitwa Oedura reticulata na iliyotegemea mikaratusi yenye gome laini, ilikuwa imetoweka katika mabaki mengi.

Wote wawili walikatiwa msitu uleule na katika kipindi kilekile. Tofauti ilikuwa katika mahitaji yao na uwezo wao wa kuvuka mashamba. Ajabu ni kwamba mkaratusi, ulio nyumba ya mjusi huyo wa Australia, ukipandwa Usambara kama shamba la kuni huwa hauna vichaka wala majani yenye unyevu ambayo vinyonga wetu wanayahitaji. Haitoshi, basi, kusema kwamba pamepandwa miti. Inapasa kuuliza ni miti gani, na ya kumfaa nani.

Kilicho kati ya vipande

Jambo jingine ni ardhi iliyo kati ya vipande vya msitu. Mjusi hawezi kuruka kama ndege, na hata ndege hawako salama. Utafiti wa muda mrefu wa ndege wa chini ya msitu Usambara, ulioanzishwa na William Newmark mwaka 1987, ulionyesha kuwa kugawanyika kwa msitu kunapunguza uwezekano wa viota kufanikiwa. Kama mwenye mbawa anapata shida, anayetambaa atapata kubwa zaidi.

Si mijusi wote wanaoathirika sawa. Kinyonga mwenye pembe mbili wa Usambara Magharibi huonekana pia katika bustani na ua wa miti karibu na makazi ya watu. Mijusi wa miambani na vinyonga wa kawaida wa nyanda za Korogwe na Handeni hustahimili jua na mashamba. Wanaobanwa ni wale wa kivuli na majani makavu, ambao kwao shamba la wazi ni ukuta.

Kwa sababu hiyo, shamba lenye miti ya kivuli, ua wa miti ya asili kati ya mashamba, na ukanda wa msitu kando ya kijito vinaweza kuwa daraja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Sheria hiyo inafahamika kwa kulinda maji, lakini ikisimamiwa ipasavyo katika vilima kama vya Dindira, hulinda pia njia za viumbe wa msituni.

Kuonekana si kusalimika

Wanaohesabu vinyonga hufanya kazi usiku. Hutembea polepole katika mstari uliopimwa wakiwa na tochi, kwa kuwa kinyonga aliyelala kwenye ncha ya kijiti hubadilika rangi kuwa hafifu na mwili wake huonekana wazi kwenye mwanga. Kwa njia hiyo utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza wingi wa vinyonga wa Usambara Mashariki na mahali wanapopendelea kulala. Mwingine wa mwaka 2014 ulitoa ushahidi kwamba idadi yao ilipungua siku zilizopita kutokana na mabadiliko ya makazi.

Hata hivyo, wataalamu wanatahadharisha kuwa kumwona mjusi katika kipande cha msitu hakumaanishi kwamba kizazi chake kiko salama. Wakubwa wanaweza kuendelea kuishi kwa muda katika makazi mabovu huku mayai yakikauka na watoto wakikosa chakula. Siku wazee hao watakapokufa, hakuna wa kuwarithi. Wanasayansi huiita hali hiyo deni la kutoweka, kwa kuwa msitu umekwisha kukatwa lakini malipo yanakuja baadaye.

Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza uzito wa deni hilo. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Barry Sinervo waliripoti kwamba, kati ya maeneo 200 ya Mexico yaliyochunguzwa, asilimia 12 ya jamii za mijusi zilikuwa zimetoweka tangu mwaka 1975. Sababu waliyoieleza ni kwamba joto linapozidi, mjusi hulazimika kujificha saa nyingi na kukosa muda wa kula. Msitu wenye paa zima hupunguza makali hayo. Uliochakaa huyaacha yaingie.

Kuni za jikoni na nyumba ya mjusi

Hapa ndipo suala linapomgusa mwananchi. Mti mkavu ulioanguka msituni ni nyumba ya mjusi, lakini pia ni kuni za mama anayetaka kupika chakula cha jioni. Kichaka cha chini ni mahali pa kinyonga kulala, lakini kwa mkulima ni nafasi ya kupanda iliki. Haitakuwa haki kumlaumu mtu wa kijijini kwa kuokota kuni pasipo kumpa mbadala.

Uzoefu wa Derema, Usambara Mashariki, unaonyesha ugumu huo. Ili msitu wa Derema uunganishwe na misitu jirani, wakulima walitakiwa kuacha mashamba yao ya msituni, yakiwemo ya iliki, na kulipwa fidia. Suala la fidia hizo lilizua mjadala mrefu. Kuunganisha vipande kuna gharama, na ni muhimu ijulikane mapema nani atakayeilipa.

Zipo hatua zisizohitaji fedha nyingi. Kupanda miti ya kuni karibu na nyumba hupunguza safari za msituni. Majiko yanayotumia kuni chache hufanya vivyo hivyo. Kuacha baadhi ya magogo yaoze yalipoangukia, kutochoma wala kufagia majani ndani ya msitu, kuzuia mifugo isiingie, na kurudishia miti ya asili kwenye kingo za vijito ni mambo yanayoweza kuamuliwa na kamati ya mazingira ya kijiji au uongozi wa shamba.

Faida yake si ya mijusi pekee. Tabaka la majani linalomlisha kinyonga ndilo linalozuia udongo usichukuliwe na mvua, na paa linalompa kivuli ndilo linalotunza chemchemi. Maji yanayotiririka kutoka vilima hivyo huteremka kuelekea mto Pangani, wanaoutegemea watu wengi walio mbali na Dindira.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika vipande vya misitu ya Usambara ufa huo hauonekani kwa anayetazama kutoka barabarani, kwa kuwa miti bado imesimama na kilima bado ni kijani. Huonekana kwa anayeinama, akafunua majani makavu na kutazama kama bado kuna anayeishi chini yake.